Hata bei ya sifuri iko na mwenyewe



Kila mwaka, wakati wa memwari, swali linarudi: kwa nini maktaba za vyuo vya Bunia hazina majarida ya kisayansi ya leo? Jibu ambalo watu wanatoa ni lile lile: makuta hakuna. Kwangu jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ingine ni kwamba wachapishaji wanauza majarida ya elektroniki kwa njia nyingi, na hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa kufikiria maktaba ya Bunia, hata ile ambayo inatupa bure. Nataka tupitie njia zile moja moja, tuseme ipi inatufaa na ipi inatudanganya, kisha tuone zile feranga kidogo tuko nazo zingepaswa kwenda wapi.

Kwanza tuelewane juu ya bidhaa yenyewe. Kitabu ukinunua ni chako, kinakaa kwenye rafu hata kama duka limefungwa. Jarida la elektroniki kwa kawaida haulinunui. Unalipa ruhusa ya kulifungua kwa mwaka mmoja. Ukikosa kulipa mwaka unaofuata, mlango unafungwa, na hata namba za miaka uliyolipia zinaweza kupotea kama mkataba haukusema vingine. Ni sawa na kupanga nyumba, si kununua parsele.

Na bidhaa hiyo nani anaitengeneza? Mtafiti anaandika bila jarida kumlipa. Watafiti wenzake wanaisoma na kuihakiki, na wao mara nyingi bure. Kisha mchapishaji anavirudia vyuo vya watu wale wale na kuviuzia kazi yao. Sisi tunajua biashara ya silabusi: profesa anaandika, mwanafunzi analazimika kununua. Lakini kwenye silabusi angalau profesa anapata kitu! Kampuni ya RELX, yenye Elsevier, kwa miaka mingi inabakisha faida ya zaidi ya dola 35 katika kila dola 100 zinazoingia kwenye upande wake wa sayansi. Mtu akikuambia bei iko juu sababu kazi ni ghali, muulize hizo 35 zinalipa kazi ya nani.

1. Kununua kadogo-kadogo

Njia ya kwanza munaijua wote. Unatafuta makala, unaona muhtasari, unabonyeza, na ukurasa unakuomba dola. Kwa kawaida ni kati ya dola 30 na 50 kwa makala moja, mara ingine kwa kuisoma siku moja tu. Ni kama kununua mafuta kwa kadafi kando ya barabara: unachukua kidogo, lakini lita inakugharimu kuliko mwenye kujaza tanki.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mwaka 2004 Koen Vlassenroot na Tim Raeymaekers walichapisha katika African Affairs makala juu ya siasa za uasi na uingiliaji kati hapa Ituri, yaani juu ya vita ambavyo familia zetu zilivikimbia. African Affairs ni jarida la Royal African Society, linachapishwa na Oxford University Press, na ni la kulipia. Mwaka 2013 Dan Fahey aliandika juu ya dhahabu, ardhi na ukabila Ituri kwa ajili ya Rift Valley Institute. Ripoti ile ni bure, na iko hata kwa Kifaransa. Katika memwari za hapa ambazo nimesoma, ripoti za bure nazikuta kila mara, lakini makala za majarida ya kulipia ni za kutafuta kwa tochi. Ripoti ya Fahey ni kazi nzuri, shida haiko pale. Shida ni kwamba hapo si direkteri wa memwari wala mwanafunzi anayechagua nini tujue juu yetu wenyewe. Bei njo inachagua.

Na wakati mwingine mambo yanafika kwenye uhai. Aprili 2015, Bernice Dahn, daktari mkuu wa wizara ya afya ya Liberia, na wenzake wawili waliandika katika New York Times kwamba makala ya watafiti wa Ulaya ya mwaka 1982 ilikuwa imeshasema Liberia ihesabiwe kati ya maeneo ya Ebola. Ebola ilikuwa imeshaua maelfu ya watu Afrika ya Magharibi kabla onyo hilo halijakumbukwa. Kuipata makala ile kwenye intaneti ilikuwa dola 45, karibu nusu ya mshahara wa wiki wa daktari kule. Sisi ambao Ebola ilitutembelea kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri, na kuchukua watu 2,287, hatuhitaji kufafanuliwa hesabu hiyo.

Uamuzi wangu: njia hii ni ya dharura ya mtu mwenye karta ya benki. Maktaba haiwezi kuishi nayo.

2. Gunia zima

Njia ya pili ni kulipa mara moja kwa majarida yote ya mchapishaji, mamia au maelfu. Ilianza kuenea katikati ya miaka ya 1990. Vyuo viliipenda, sababu ukigawa bei kwa idadi ya majarida, kila moja linaonekana rahisi. Lakini mama yeyote wa sokoni atakuambia: gunia lililofungwa, hujui kilicho chini. Unalipia majarida kumi ambayo watu wanasoma, na mia ambayo hakuna mtu anafungua. Huwezi kutoa hayo mia, na kila mwaka bei inapanda.

Matokeo yake yaliumiza hata matajiri. Aprili 2012, baraza moja la maprofesa wa Harvard lilitangaza kwamba majarida yanakula karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, na kwamba bei za wauzaji wawili zilipanda kwa 145% katika miaka sita. Februari 2019 vyuo vya University of California vilikataa kuendelea na Elsevier, vikakaa nje ya mkataba hadi 2021.

Ubaya mwingine wa gunia ni siri. Mikataba mingi inakataza chuo kusema kililipa ngapi. Watafiti wa Marekani walipolazimisha vyuo vya serikali kuonyesha mikataba kwa njia ya sheria, walikuta kwamba mwaka 2009 University of Michigan ililipa Elsevier dola milioni 2.16, na University of Wisconsin kule Madison milioni 1.22. Vyuo vikubwa vyote viwili, lakini kimoja kinaachwa na kingine kwa karibu milioni nzima. Sasa fikiria mkutubi wetu wa Bunia ameketi mbele ya muuzaji kama huyo. Atajuaje kama amepunguziwa kweli?

Uamuzi wangu: gunia si letu, na hata kwa punguzo tusilitamani.

3. Bei ya kichwa, na kuchangia gari

Kuna wachapishaji wanaopanga bei kufuata ukubwa wa chuo, yaani idadi ya wanafunzi. Inaonekana ni haki, sivyo? Lakini kwetu idadi ya wanafunzi haionyeshi utajiri. Oditoriyumu inaweza kujaa mpaka wengine wanakaa dirishani, na wakati huo huo kasha la maktaba liko tupu. Bei ya kichwa inamwona mwanafunzi wa Bunia kama mwanafunzi wa Brussels.

Njia iliyo bora zaidi ni vyuo kuungana na kujadili bei pamoja. Wafanyabiashara wetu wanaijua: watu kumi wanachangia Fuso moja kutoka mpakani, na kila mtu analipa kipande chake. Kenya maktaba ziliungana mwaka 2003 katika KLISC. Uganda kuna muungano wa maktaba za vyuo vikuu, CUUL, na Tanzania kuna COTUL. Katika miaka ya 2000 shirika la INASP la Uingereza lilisaidia miungano ya namna hiyo kupata bei za chini sana.

Ubora wa muungano unapita ile bei peke yake. Mkutubi mmoja anayejua kusoma mikataba anatumikia vyuo vingi, na muuzaji hawezi tena kumwambia kila mmoja bei yake ya siri. Lakini muungano uko na gharama ambayo haiandikwi: uaminifu. Chuo kimoja kisipoleta sehemu yake, gari halitoki. Na hapa kwetu, munajua, vyuo vinashindana kwa wanafunzi kuliko vinavyoshirikiana.

4. Sifuri

Sasa tufike kwenye ile ambayo wengi hawajui kabisa. Congo yetu iko katika kundi A la Research4Life. Maana yake, chuo, hospitali au ofisi ya serikali ikijiandikisha, inafungua majarida ya wachapishaji zaidi ya 150 bila kulipa hata feranga. Mpango ulianza na Hinari ya afya mwaka 2002, chini ya OMS. Kisha ikaja AGORA ya kilimo mwaka 2003, OARE ya mazingira 2006, ARDI ya teknolojia 2009 na GOALI ya sheria 2018. Nchi za kundi B zinalipa ada ndogo, ambayo ilikuwa dola 1,500 kwa chuo kwa mwaka.

Nasema wazi: mtu anayekataa mlango huu kwa sababu ya kiburi anawakosea wanafunzi. Uingie, tena leo. Lakini kusifu bila kuchunguza si uhakiki, kwa hiyo niseme na mapungufu yake.

Kwanza, sifuri haimfikii mtu mmoja-mmoja. Inapitia chuo. Liberia nayo ilistahili bei hiyo, lakini daktari akitafuta peke yake kwenye simu anakutana na zile dola 45. Chuo lazima kijiandikishe, kisaini masharti, kitunze neno la siri na kuwafundisha watu. Katika maktaba moja ya mji huu, ambayo sitaitaja, niliuliza neno la siri la Hinari. Nikajibiwa kwamba liko kwa mtu mmoja, na huyo mtu yuko safarini Kampala. Kwenye karatasi maktaba ile iko na maelfu ya majarida. Kwa mfinalisti aliyesimama pale mlangoni, haina hata moja.

Pili, sisi wahitimu tunafungiwa nje. Haki ni ya wafanyakazi na wanafunzi wa chuo. Siku unapovua ile toga, mlango unafungwa. Muuguzi aliyepelekwa Mahagi, agronome wa Djugu, mwanasheria kijana wa Bunia: hapo njo wanahitaji kusoma kwa ajili ya kazi, na hapo njo wanakosa.

Tatu, anayetoa anaweza kurudisha mkono. Mwanzoni mwa 2011 wachapishaji kadhaa, Elsevier na Springer wakiwemo, waliondoa majarida zaidi ya 2,500 kutoka Hinari kwa Bangladesh, sababu walikuwa wameanza kuuza kule. Makelele yakawa mengi duniani, na Elsevier ikarudisha yake. Lakini somo lilibaki: kwa mchapishaji, sifuri ni bei ya soko ambalo bado halijaanza kulipa. Siku soko likianza kulipa, bei inabadilika.

Nne, lugha. Sehemu kubwa ya majarida yale ni ya Kiingereza, na sisi tunasoma kwa Kifaransa. Bei ya sifuri ya kitu ambacho mtu anakisoma kwa kamusi si sifuri kabisa.

Mtu atasema: bure ipo, unalalamika nini? Ninajibu: mgeni anayelala kwa jirani bila kulipa anashukuru, lakini anaendelea kuchoma matofali yake. Sisi tumelala, na matofali hatuchomi.

Na wale wasio na chuo wanafanya nini? Munajua wenyewe. Wanapita njia ya nyuma, ile ya Sci-Hub, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan. Mahakama ya New York ilimhukumu mwaka 2017 kulipa Elsevier dola milioni 15. Sitawafundisha njia hiyo, na maktaba haiwezi kujengwa juu ya kitu ambacho mahakama inaweza kufunga usiku mmoja. Ila msongamano kwenye mlango wa nyuma unaonyesha kwamba mlango wa mbele uliwekewa bei mbaya.

5. Mwandishi alipe

Kuna mchapishaji anayesema: sawa, msomaji asilipe, mwandishi njo alipe. Makala inakuwa wazi kwa dunia yote. Kwa msomaji wa Bunia ni baraka. Lakini geuza upande: asistani wa Bunia akitaka kuandika? Jarida la Nature lilitangaza mwishoni mwa 2020 bei ya euro 9,500 kwa makala moja. Wachapishaji wengi wanawasamehe waandishi wa nchi za kundi A, na hiyo ni kweli, muombe msamaha huo kabla ya kutuma. Lakini tunarudi kwenye orodha ile ile na ruhusa ile ile. Zaidi ya hayo, mara nyingi wanaangalia mwandishi anayeandikiana na jarida anaishi wapi. Kama ni mwenzako wa Ulaya, msamaha unaweza kupotea.

Na njia hii ilizaa magonjwa: majarida ya uongo yanayokuandikia kwa imeili, «mpendwa profesa», yakiahidi kuchapisha kwa siku tano ukituma dola mia. Hakuna anayehakiki pale. Kijana anapoteza makuta, na jina lake linabaki mahali ambapo hakuna mtu mzito anaheshimu.

6. Kulipa pamoja ili iwe ya wote

Ya mwisho njo inanipa moyo. Kuna majarida ambayo msomaji halipi na mwandishi halipi. Gharama inabebwa na vyuo, serikali au maktaba kwa pamoja. Amerika ya Kusini walianza mapema: SciELO ilizaliwa Brazil mwaka 1998. Mwaka huo huo ilianza AJOL, yenye makao Afrika ya Kusini, ambayo inaweka majarida ya Afrika mahali pamoja, na mengi yako wazi.

Kwa sisi wa Kifaransa, OpenEdition iko na mpangilio wa akili tangu 2011. Kila mtu anasoma makala bure kwenye ukurasa, na maktaba zinazolipa zinapata faili za kupakua na huduma zingine. Hata hiyo nusu ya bure inafaa simu na mega zetu kidogo, sababu ukurasa wa maandishi ni mwepesi kuliko PDF. Persée nayo inafungua bure namba za zamani za majarida mengi ya Kifaransa. Tangu 2020 Annual Reviews inajaribu njia ingine: maktaba zikiendelea kulipa vya kutosha, namba za mwaka ule zinafunguliwa kwa dunia yote. Hapo anayelipa hanunui ufunguo wa kumfungia jirani nje.

Njia hii nayo si mbinguni. Kama kila mmoja anangoja mwenzake alipe, jarida linakufa. Lakini kati ya zote sita ni hii peke yake ambayo, ukitia feranga moja, kitu kinabaki hata kesho usipolipa.

Basi tufanye nini?

Naona tumekuwa tukiuliza swali moja tu: ni bei gani? Mimi napendekeza tuulize matatu mbele ya kila mkataba. Nani anashika ufunguo? Siku tukishindwa kulipa, nini kinabaki mikononi mwetu? Na mhitimu aliye mbali na chuo, yeye anaingia? Kwa kipimo hicho, kadogo na gunia zinaanguka swali la kwanza tu. Sifuri inaanguka kwenye yote matatu, ingawa leo inatulisha. Muungano unapita nusu. Ile ya wote inapita yote.

Kwa hiyo makuta kidogo ya maktaba yasikimbilie kununua jarida moja la heshima la kupamba ripoti kwa wageni. Yaende kwanza kwa mtu: mkutubi mwenye muda, mashine na mega, anayeandikisha chuo Research4Life na kufundisha kila promosheni, na neno la siri lisisafiri naye Kampala. Kisha yaende kwenye yetu. Memwari nzuri juu ya ardhi ya Djugu, juu ya mihogo, juu ya kina mama wanaouza dagaa wa Ziwa Albert, zinaliwa na vumbi kabatini. Majarida ya vyuo vyetu mara nyingi yanabaki karatasi ambayo haivuki mto Shari. Programu ya Open Journal Systems ni ya bure, na inaendesha maelfu ya majarida duniani. Université de Bunia, Université Shalom, ISP na wengine wangeweza kuchangia seva moja na mkutubi mmoja. Hiyo njo Fuso yetu.

Na sisi wa chama tuko na kazi ambayo haihitaji makuta. Wiki hii kila mmoja aulize kwenye chuo alichosoma mambo mawili: je, kimeandikishwa Research4Life, na nani anashika neno la siri? Majibu tuyakusanye chuo kwa chuo, tuyapeleke kwa wakuu wa maktaba kwa heshima, tena kwa maandishi. Wadogo zetu wanaoanza memwari mwaka huu wasikute mlango wa bure umefungwa na kufuli yetu wenyewe.